Mzigo wa Ngamia Mmoja

Kazi yangu ya mwaka wa mwisho inaitwa Mzigo. Ni nyumba ya duara yenye paa la kuba, na kimo chake ni kama mtu mzima akinyoosha mkono juu. Mifupa yake ni fito zilizopindwa. Ngozi yake ni magunia ya mahindi ya msaada, vipande vya turubai lililopauka kwa jua, na mikeka minne ya nyuzi za gome la mgunga ambayo nilifundishwa kuisuka na bibi yangu huko Liboi. Haina msumari hata mmoja, wala gundi. Watu wawili wanaoijua wanaibomoa kwa nusu saa, wanaikunja, wanaifunga kamba, na kinachobaki ni mzigo mmoja ambao ngamia angeinuka nao. Nairobi hatuna ngamia wa kazi hiyo, kwa hivyo ilikuja juu ya basi.

Pamoja na kazi yenyewe, chuo kinataka maandishi. Kwenye fomu kuna sehemu inayosema: taja wasanii na mikondo iliyokuathiri. Wenzangu walijaza haraka. Huyu kaandika Picasso, yule Wangechi Mutu, mwingine Michael Armitage. Mimi nilikaa na sehemu hiyo wiki tatu. Si kwamba sina wa kuwataja. Wapo wengi, ila majina yao hayamo kwenye kitabu chochote cha historia ya sanaa, na sababu ya kutokuwemo ni historia yenye miaka na tarehe zake. Fomu ilinipa mistari sita. Hapa ninyi mmenipa nafasi zaidi, basi nitaitumia.

Nianze na sifa moja ambayo imetugharimu. Mhadhiri mmoja aliangalia michoro yangu ya mwanzo akaniambia, kwa upole kabisa, "Lakini nyinyi Wasomali ni watu wa mashairi, si watu wa vitu vya mikono. Utapata wapi msingi?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa anarudia jambo lililosemwa zaidi ya miaka 150 iliyopita. Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri kutoka pwani ya Wasomali mpaka Harar, alichapisha kitabu cha safari zake mwaka 1856 na humo akawasifu Wasomali kwa wingi wa washairi wao. Sifa ikashika. Na si uongo. Kwetu shairi linaweza kuanzisha vita na kuvimaliza, na Sayyid Mohamed Abdulle Hassan aliyepigana na Waingereza mpaka 1920 alipigana nao kwa tungo vilevile.

Lakini sifa hiyo ilifunika kitu. Ushairi uliosifiwa zaidi ni ule wa wanaume, unaosomwa barazani mbele ya wazee. Wakati huohuo, nyuma ya baraza, wanawake walikuwa wanajenga nyumba nzima kwa mikono yao, na mgeni aliyepita aliona kibanda tu. Hata Pwani mnalijua hili. Mlango wa Lamu uliochongwa na fundi mwanamume tunauita sanaa. Mkeka wa ukindu uliosukwa na mama wa nyumba hiyohiyo tunauita mkeka.

Hebu tuingie hiyo nyumba. Kwa Kisomali ni aqal. Mti haukatwi ovyo. Fito huchaguliwa zikiwa mbichi, hupindwa zikiwa bado zinakubali, kisha huachwa zikauke na umbo lake. Juu ya fito huja mikeka, tabaka juu ya tabaka. Mikeka mingine ni ya nyasi, mingine ni ya nyuzi zinazotolewa kwenye gome la mti tunaouita galool, jamii ya mgunga. Gome la ndani huvuliwa kwa vipande virefu, huanikwa, na kisha hutafunwa. Ndiyo, kwa meno. Wanawake hukaa pamoja na kutafuna mpaka nyuzi zilainike, halafu husokotwa na kusukwa. Upande mmoja wa mkeka huwa laini na mapambo yake yanaonekana. Upande wa pili nyuzi huachwa zikining'inia kama manyoya. Mvua ikinyesha, maji hufuata manyoya hayo na kuteleza nje.

Sasa sikiliza sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Siku ya kuhama, nyumba haiachwi. Mikeka inashushwa na kuwekwa mgongoni mwa ngamia, chini kabisa, ili kamba na vyombo visimchubue. Hapo haiitwi tena ukuta, inaitwa herio. Fito hufungwa ubavuni, na mapindo yake yanakuwa kama mabawa yanayoshikilia vyombo: dhiil ya maziwa iliyosukwa kwa mizizi na kufukizwa moshi, vibuyu, ngozi za kulalia, wakati mwingine na mtoto mdogo. Mkifika, ngamia anapigishwa magoti, na tandiko lake linarudi kuwa paa. Kiswahili chenyewe kina siri hiyo. Tandiko la punda na matandiko ya kitanda ni neno moja, na tukiondoka tunasema tumefunga safari. Kwetu safari ilifungwa kwa kamba, na aliyeifunga alikuwa mwanamke.

Nyumba hiyo ilikuwa mali yake. Binti akiolewa, mama yake na shangazi na majirani walimsukia mikeka, na aqal ya kwanza ilisimamishwa kwa ajili yake. Mwaka 1995 msomi wa usanifu wa majengo, Labelle Prussin, alichapisha kitabu kizima kuhusu nyumba za wahamaji wa Afrika, wakiwemo Wagabra, Warendille na Wasomali. Alieleza kwamba huku mjenzi na msanifu ni mwanamke, na kwamba ndoa na nyumba huundwa pamoja. Nilikipata kitabu hicho maktaba nikiwa mwaka wa pili. Nilikaa nacho sakafuni kati ya rafu mbili mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Mambo ambayo ayeeyo wangu huyafanya huku akilalamikia mgongo, mtu alikuwa ameyachora kwa vipimo.

Ayeeyo ni bibi. Kwetu bibi naye humwita mjukuu "ayeeyo", kama vile mama humwita mtoto wake "hooyo". Kwa hivyo mkitusikia sisi wawili tukiongea, hamtajua nani ni nani.

Huyu ayeeyo alizaliwa karibu 1950, porini, mahali fulani kati ya visima. Haulizwi upande gani wa mpaka, maana jibu lake ni kuuliza mpaka ni nini. Kwa hakika mpaka wenyewe haukuwa umemzidi umri sana. Uingereza iliiahidi Italia ardhi kama zawadi ya kuingia Vita vya Kwanza vya Dunia upande wake. Mkataba wa kuikabidhi Jubaland ulitiwa saini 15 Julai 1924, na mwaka uliofuata Kismayu na nchi yake ikatolewa Kenya na kuwa ya Waitaliano. Kati ya 1925 na 1927 tume ya mataifa hayo mawili ikapita nyikani ikipima na kusimamisha bikoni. Bikoni nambari 29 iko kusini kabisa, karibu na bahari, na ndiyo ilitajwa tena The Hague katika kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, iliyoamuliwa 12 Oktoba 2021. Kwenye ramani mstari ule unashuka kutoka El Wak, unapita jirani na Liboi, kisha kusini zaidi unapinda kuelekea baharini. Ukitazama vizuri, hapo pana kona. Mji wetu uko kwenye ramani kwa sababu rula ilipita kando yake.

Nimeichora hiyo kona. Kwenye mkeka wa tatu wa Mzigo kuna mshono mwekundu unaoshuka wima na kupinda ghafla. Watu huja na kuniambia ni mapambo mazuri ya jadi. Nawaachia.

Mstari peke yake haukuua nyumba ya ngamia. Wahamaji walikuwa wanauvuka, wakifuata mvua, na serikali ya mkoloni ilikuwa inajaribu kuwazuia. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini iliwekwa kuwa eneo lililofungwa, na sheria ya mwaka 1934 ikawapa maofisa nguvu ya kuamua watu wakae wapi na wachunge wapi. Hata hivyo ngamia waliendelea kutembea na mikeka iliendelea kusukwa. Kilichoivunja kilikuja baada ya uhuru.

Mwaka 1962 tume iliyotumwa kuuliza watu wa kaskazini wanataka nini ilikuta kwamba wengi walitaka kuungana na Somalia. Hawakupewa. Desemba 1963, majuma machache tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa Nairobi, serikali ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Vita vilivyofuata vitabuni vinaitwa vita vya Shifta. Shifta ni jambazi, kwa hivyo jina lenyewe limeshakuambia uegemee wapi.

Kwa historia ya sanaa, mwaka muhimu ni 1966. Kuanzia hapo serikali ilianza kuwakusanya wahamaji kwenye vijiji vya lazima karibu na vituo vya utawala, vyenye ulinzi, ambapo kutoka na kuingia kulihitaji ruhusa. Aliyekutwa nje aliweza kuhesabiwa adui. Fikiria mfugo wa ngamia ukiambiwa ulishe karibu na kituo kimoja. Ngamia si kuku. Anahitaji siku nyingi za kutembea kati ya mti na mti, na chumvi, na kisima kingine. Mifugo iliyobanwa sehemu moja ilimaliza majani, ikaugua, ikafa. Mingine ilichukuliwa, mingine ilipigwa risasi. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, aliyoyasimamia Rais Kaunda wa Zambia kati ya Kenyatta na Waziri Mkuu Egal wa Somalia, yalizima vita. Hayakurudisha ngamia. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka 1991. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa Mei 2013 imeandika mengi ya miaka hiyo, pamoja na mauaji ya Garissa ya 1980 na ya Wagalla ya 1984.

Ayeeyo alikuwa msichana wa miaka kama 16 walipoingizwa kijijini. Mama yake alikuwa ameshaanza kumsukia mikeka ya ndoa. Nilimuuliza mikeka hiyo ilienda wapi. Akaniambia, "Tulilala juu yake." Nikangoja aendelee. "Ayeeyo, ngamia wamekufa. Herio bila ngamia ni nini? Ni kitu cha kulalia. Tukailalia mpaka ikaisha."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna somo lililonipa. Tumezoea kusema sanaa za jadi zimepotea kwa sababu ya maendeleo, eti watu wamependa mabati na vijana wameacha mila. Kwa aqal ya upande wetu habari ni nyingine. Nyumba ile ilikuwa sehemu ya mwendo. Mwendo ukikatazwa, kila kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mwendo kinapoteza kazi yake kwa mkupuo: pindo la fito, manyoya ya mkeka, fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Mwanamke aliyejua kufunga nyumba nzima mgongoni mwa mnyama akabaki anajua kitu kisichohitajika. Binti yake hakujifunza, na si kwa uvivu. Hooyo wangu anajua kupika, kuuza maziwa, kusoma bili na kugombana na wenye malori. Kusuka herio hajui. Kati ya ayeeyo na mimi kuna kizazi kizima ambacho mikono yake iliachwa bila kufundishwa, na naweza kukuonyesha karatasi za serikali zilizosababisha.

Halafu ikaja 1991, na kile kilichoonekana kimekufa kikatokea tena, kikiwa kimevaa nguo nyingine.

Januari mwaka huo serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Watu wakakimbia, na barabara ya kutoka Kismayu na Afmadow kupitia Dhobley inaingia Kenya kwetu. Liboi ilikuwa kituo kidogo cha mpakani, kisha kwa muda mfupi ikawa kambi. Baadaye watu walihamishiwa Dadaab: Ifo ilifunguliwa 1991, Hagadera na Dagahaley 1992. Zilipangwa kwa watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011 walikuwa karibu nusu milioni. Liboi ilibaki mlango. Kulikuwa na kituo cha kuwapokea wakimbizi, kikafungwa Kenya ilipofunga mpaka Januari 2007. Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya walivuka mpaka kuelekea Dhobley, na upepo wa helikopta ukawa sehemu ya utoto wangu.

Hooyo alikuwa na miaka 13 wakati wa wimbi la kwanza. Anasimulia kwamba wageni walifika mchana, na kufikia jioni pale palipokuwa uwanja mtupu palikuwa na nyumba. Wanawake waliingia kichakani bila kuambiwa na mtu, wakakata fito, wakazipinda, wakazifunga kwa vipande vya nguo. Mikeka hawakuwa nayo. Wakafunika kwa walichonacho: shuka, maboksi, ngozi, kisha turubai za misaada zilipofika, kisha magunia yaliyopasuliwa na kuunganishwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Umbo lilikuwa lilelile la aqal. Wanaiita buul. Picha za kambi hizo zimezunguka dunia nzima, na chini yake huandikwa kibanda cha muda. Mimi nikizitazama naona mapindo ya fito, na naona kwamba aliyefunga yule alifundishwa na mtu.

Ayeeyo naye alitoka kwenda kutazama. Hooyo anasema alisimama muda mrefu mbele ya mwanamke mmoja asiyemjua, kisha akachuchumaa na kuanza kumshikia fito. Hawakuulizana ukoo kwanza, jambo ambalo kwetu si la kawaida.

Kwa hiyo nilipoanza kushona magunia studio, mwenzangu mmoja akasema, "Ah, Ibrahim Mahama." Mahama ni msanii wa Ghana aliyezaliwa 1987, anayeunganisha magunia ya juti yaliyobeba kakao na kufunika majengo mazima. Mwaka 2017 alifunika majengo ya Torwache huko Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya Documenta. Naipenda kazi yake, maana anajua gunia lina kumbukumbu ya mgongo uliolibeba. Lakini nilipotazama tarehe nilicheka. Wanawake wa uwanja wa Liboi walikuwa wanafunika nyumba kwa magunia yeye akiwa mtoto wa miaka minne. Sisemi ameiga. Nasema kwenye fomu yangu mpangilio wa nani alitangulia nani lazima uwe sawa.

Aliyenisaidia zaidi ni Mkenya. Rosemary Karuga alizaliwa 1928, akasoma sanaa Makerere miaka ya mwanzo ya 1950, kisha akafundisha shule miaka mingi bila kufanya kazi zake mwenyewe. Aliporudi kwenye sanaa miaka ya 1980 hakuwa na pesa za rangi. Akachukua pakiti za unga na karatasi za sabuni, akazikata vipande vidogo na kubandika mpaka zikawa wanawake, ng'ombe, ndege. Alifariki 2021. Kwake nilijifunza kwamba maandishi ya pakiti si lazima yafichwe. Magunia yangu yana chapa za mashirika, bendera, uzito wa kilo 50, na onyo kwamba si ya kuuzwa. Nimeyaacha yasomeke. Onyo hilo nimelishona juu ya mlango.

Mwingine ni Muawiye Hussein Sidow wa Mogadishu, ambaye watu wanamwita Shik Shik. Alichora kuta za maduka: mguu wa mbuzi kwa bucha, jino kwa daktari wa meno, simu, sindano, matairi. Katika mji ambako wengi hawakupata shule, ukuta ndio ulisema duka linauza nini. Hata Liboi tunazo kuta za namna hiyo, ndogo na za rangi ya bahari ingawa bahari iko mbali. Nilipokuwa mtoto nilisoma picha kabla ya kusoma herufi. Rangi za Mzigo zinatoka hapo: buluu ya duka la maziwa, njano ya duka la simu. Tunaweza kubishana kama hiyo ni sanaa ya juu au ya chini. Mimi naona ni shule niliyosoma bila karo.

Kazi yenyewe ilinichukua likizo mbili. Ukitoka Garissa kwa barabara ya A3 unapita Dadaab kisha Liboi, vumbi mpaka kwenye meno. Nilimwambia ayeeyo nataka kusuka herio. Akauliza nani anaolewa. Nikasema hakuna, ni ya shule. Akanyamaza, akaniambia nilete gome.

Gome lenyewe ni habari nyingine. Galool, mti uliotupa paa, ndio huohuo unaotoa makaa mazuri. Upande wa Somalia umekatwa kwa meli nzima nzima. Makaa yalisafirishwa kupitia Kismayu kwenda Ghuba, na biashara hiyo ilinenepesha wapiganaji kiasi kwamba Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku makaa ya Somalia. Upande wetu nao majiko ya kambi na ya mji hayakulala njaa. Nilitembea na binamu yangu siku mbili kupata miti ya kutosha, na ayeeyo alitukataza kuvua gome pande zote. Tuvue upande mmoja tu, mti uishi. Nikaanza kutafuna. Siku ya kwanza ufizi ulitoka damu. Siku ya tatu nilikuwa naongea na kutafuna, kama wao zamani.

Ayeeyo hakunifundisha kwa maelezo. Nikikosea fundo alilifungua lote bila kusema neno na kunirudishia. Mara mojamoja mkono wake ulisimama, akatazama mbali, kisha ukaendelea wenyewe kana kwamba vidole vimekumbuka kabla yake. Ana miaka zaidi ya 70. Kwenye bulla yetu ni yeye na mwanamke mmoja mwingine tu wanaoweza kusuka mkeka kuanzia gome mpaka manyoya, na huyo mwingine haoni tena vizuri.

Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi kimoja askari alinyooshea kidole furushi langu juu ya basi. "Hiyo ni nini?" Nikamwambia ni nyumba. Basi zima likacheka, naye akacheka, tukapita.

Sasa tuko kwenye tatizo, na ndilo linalonifanya niandike haya leo. Kanuni za maonyesho zinasema kazi ikishakaguliwa haiguswi kwa wiki mbili. Mimi nimeomba kwamba kila Jumamosi Mzigo ubomolewe, ufungwe, uhamishiwe pembe nyingine ya ukumbi na usimamishwe upya, na kazi hiyo ifanywe na wanawake wanne kutoka Eastleigh, wawili kati yao waliozaliwa Ifo. Nimeambiwa hayo ni maonyesho ya jukwaani, na fomu yangu inasema uchongaji. Nimeambiwa pia kwamba kazi iliyobadilishwa inaweza kupoteza alama. Rafiki zangu wananisihi niweke waya ndani, isimame imara, nipate digrii yangu, mengine baadaye.

Nimefikiria sana kuhusu huo waya. Nyumba hii ikisimama wiki mbili bila kuguswa, itakuwa imefanyiwa jambo lilelile lililofanyika 1966: imewekwa mahali pamoja, imelindwa, na kuhama ni kwa ruhusa. Mtu ataitazama atasema ni nzuri, na hatajua kwamba ameona nusu tu. Nilimpigia ayeeyo simu, nikamweleza mambo ya kanuni na alama. Akauliza, "Wanalala ndani?" Nikasema hapana. "Wanahama nayo?" Hapana. "Sasa hao wanakagua nini?"

Waya sikuweka. Barua ya maombi nimeirudisha mara ya pili, safari hii nikiwa nimeambatanisha kurasa hizi. Na ile mistari sita ya fomu nimeijaza hivi: mama yake ayeeyo, aliyesuka mikeka ya ndoa isiyopanda ngamia. Ayeeyo. Wanawake wa uwanja wa Liboi, 1991. Rosemary Karuga. Wachora kuta, wa Mogadishu na wa kwetu. Mti wa galool.

Mikeka minne imechukua miezi saba, na aqal kamili inataka mingi zaidi. Binamu yangu anaolewa mwakani. Nyumba yake ni ya matofali, ina kisima cha tangi na televisheni, na tayari ameomba mkeka mmoja, eti wa kutundika ukutani. Ayeeyo alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniambia nikifunga chuo niende moja kwa moja, tuanze wa tano, kama mvua itakuwa imenyesha na miti imepona.